Fortune Imerudi Kirumba

Wenye kijiwe chao Kirumba, pale juu ya mwalo wa dagaa, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, hawajawahi kukosa la kusema. Mvua ikinyesha huisema mvua, na Redio akichelewa na birika lake la kahawa humsema Redio. Lakini Alhamisi ile walikaa kwenye benchi kama watu wanaongoja majibu ya hospitali, vikombe mkononi, macho majini. Chini yao, pembeni ya mitumbwi mingine, ulikuwapo mtumbwi wa bluu wenye maandishi meupe ubavuni: FORTUNE. Ulikuwa wa Seif. Alipotea nao kabla ya masika, peke yake, siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia, akaenda kuchukua samaki visiwani. Walimtafuta wakachoka. Sasa mtumbwi umerudi na yeye hayumo. Wale ndege wakubwa wenye upara, ambao mwaloni hutua popote, hata begani kwa mtu akizubaa, walikuwa wamejaa juu ya mitumbwi yote isipokuwa huo.

— Upepo umeuleta, alisema Redio. Kwao huyu muuza kahawa anaitwa Nkwabi, ila hazimiki hata betri zikiisha.

— Upepo gani? aliuliza Ngosha, mbeba magunia wanayemwita Tani Moja. Usiku kucha hata jani halikutikisika.

— Basi mkondo.

— Mkondo unaleta magugu, mwanawane. Hauleti chombo mpaka kwenye nafasi yake kikajipanga.

Kweli, mtumbwi ulikuwa kwenye nafasi yake ya siku zote. Byabato akakohoa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, sasa mstaafu, Mhaya wa Kagera ambaye hata akiomba sukari hutanguliza utangulizi, na kijiwe kizima humwita Profesa.

— Waitu, jamani, tusiogope. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, Profesa? aliuliza Tani Moja. Hapa mwenyeji ndiye aliyekufa.

Mwisho wa benchi alikaa Nurdin, fundi mitumbwi, jina lake la kijiweni Tezo. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Mtumbwi ule aliuchonga yeye na herufi zile alizipaka yeye, kwa kuwa Seif alikuwa rafiki yake tangu wakiwa watoto. Khitima ya Seif ilisomwa. Mkewe, Shamsa, alikaa eda mpaka ikaisha, Nurdin akapeleka posa, ikapokelewa. Ndoa ilikuwa kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Kila mtu kwenye benchi alilijua hilo na hakuna aliyelitaja, na kwa watu wale ambao hutaja mpaka rangi ya soksi za mtu, kimya hicho kilimtisha Nurdin kuliko maneno.

Walitafuta pa kushika, wakalishika neno. Neno lenyewe lilizaliwa kwenye benchi hilihili. Seif alikuja na kopo la rangi, akataka neno la Kiingereza la mali. Profesa alimpa la kwanza, Wealth, Seif akalijaribu likamtoka kama mtu anayepuliza uji wa moto. Tani Moja akampa Rich. Seif akasema hilo ni fupi, mtu atadhani anamwita mbwa. Ndipo Profesa akampa Fortune, wote wakalipenda.

— Ulimwambia ni utajiri, Redio alimgeukia Profesa.

— Ni utajiri. Mtu akiwa na majumba na mashamba, Mwingereza husema huyo ana fortune.

— Binti yangu wa Buswelu ameangalia kwenye simu. Anasema ni bahati.

— Na bahati pia.

— Sasa ni ipi?

— Zote, Nkwabi. Wenzetu hawatenganishi mali na bahati.

— Na wale wasoma viganja kwenye filamu? Tani Moja aliingia. Si wanaitwa kwa neno hilohilo?

Profesa alizungusha kikombe chake.

— Ndiyo. Hapo ni yale yatakayokupata. Sisi tungesema majaliwa.

— Majaliwa. Tani Moja aliweka kikombe chini. Kwa hiyo tulimwandika mtu majaliwa yake ubavuni, halafu tukamsukuma majini tukiimba.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio kwa huzuni.

— Hiyo ni ya akiba, alisema Profesa.

— Kwani mtumbwi unaovuja unajaaje?

Ndege mmoja aliruka kutoka mtumbwi wa jirani, akaelea juu ya ule wa bluu kana kwamba atatua, akaghairi, akaenda kutua mbali.

— Sikilizeni, alisema Tani Moja, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Jina la ubavuni kivuli chake kinalala majini. Ziwa linasoma. Hili lilikuwa neno geni, ziwa likauliza, maana yake nini? Likasikia ni mali, likachukua mali. Injini aliyoondoka nayo iko wapi? Likasikia ni bahati, likachukua bahati. Likasikia ni majaliwa, likamchukua Seif. Limemaliza maana zote, limerudisha mbao.

— Pengine halijamaliza, alisema Redio. Pengine imebaki moja, limekuja kumuuliza aliyeandika.

Wote wakamtazama Nurdin, kisha wakajidai wanatazama kahawa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Redio aliongeza, na hakuna aliyejua anamsema nani.

— Neno ni neno tu, alisema Nurdin. Nililipaka kwa brashi ya kuazima.

Alfajiri, akitoka kuswali, alikuwa amepita mwaloni peke yake na kuukuta. Aliona ndani pamekauka, safi kama umetoka kwenye karakana yake jana. Aliona ncha yake imeelekezwa majini, kwa sababu Seif alikuwa na msemo wake kwamba chombo kilale kikiitazama kazi. Halafu akaiona kamba, akapanda kijiweni, akaketi. Tangu hapo alikuwa anaomba wenzake wabishane juu ya Kiingereza mpaka jioni, mtu asishuke kule chini.

Shamsa akaja. Alishuka njia ya nyumbani kwake amejitanda kanga, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa hina ya jana. Kijiweni hakuwahi kusimama hata siku moja, na wote wakajikuta wamejisogeza kumpisha mahali pasipohitaji kupishwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Profesa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utangulizi.

— Nimeambiwa umerudi.

— Umerudi, mama, alisema Redio. Ni mkondo tu.

Shamsa alipita, akateremka mpaka mwaloni, na ndege wakamwachia njia. Wakamwona anauzunguka mtumbwi, anaweka kiganja juu ya herufi, kisha anainama kwenye mti wa kufungia na kukaa hapo. Nurdin alijua anachokitazama.

Shamsa aliporudi alisimama mbele ya benchi.

— Nani ameufunga?

— Umefungwa? aliuliza Redio.

— Kwenye mti. Nani ameufunga?

— Nilidhani Redio, alisema Tani Moja, ndiye huwahi na moto wake.

— Mimi mguu wangu haujafika kule tangu juzi.

— Mimi na magoti haya, alisema Profesa, siteremki. Ngosha?

— Profesa, mimi ndege tu wamenitosha.

Asubuhi nzima walikuwa wamelieleza ziwa, upepo, mpaka lugha ya watu wengine, na kamba ya mkonge iliyokuwa mbele ya macho yao hawakuwa wameiulizia. Akabaki mtu mmoja.

Tangu posa ipokelewe Shamsa alikuwa ameacha kumwita Nurdin kaka. Akisema naye hakutumia jina lolote, na Nurdin alilipenda pengo lile. Aliona ndimo atakamokaa maisha yake yote.

— Ni wewe?

Angeweza kusema ndiyo. Redio angemimina kahawa, Tani Moja angetukana ndege, na kesho ingefika kama ilivyopangwa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Seif alikuwa wa mkono wa kushoto. Fundo lake, hilo Nurdin aliloliona alfajiri, lilizunguka kinyumenyume, mkia ukarudi ukajificha ndani, na hakuna mtu Kirumba aliyeliweza. Hata kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwa Shamsa aliifunga yeye, na mpaka leo hakuna aliyeifungua. Shamsa alianika nguo hapo kila siku. Alikuwa anauliza huku anajua, na Nurdin alimpenda mno kumdanganya.

— Niliukuta hivyohivyo alfajiri, alisema. Siwezi kufunga vile. Alinifundisha tukiwa wadogo, nikashindwa.

— Kamba bado mbichi, alisema Shamsa. Na mchangani kando yake kuna nyayo zangu, na zako za alfajiri. Zingine hakuna.

Redio aliinamisha birika juu ya kikombe cha Profesa. Halikutoka hata tone, na hakuna aliyelalamika.

Shamsa aliigeukia njia ya nyumbani, ile ambayo mtu yeyote akitoka majini angeipanda. Ilikuwa tupu, na jua lilikuwa limeshaijaa.

— Nilifunga mlango nilipotoka, alisema. Ngoja nikaufungue.

— Na kesho? aliuliza Nurdin.

Shamsa aliitazama hina ya viganja vyake, kisha akaiingiza mikono ndani ya kanga.

— Asante kwa kunambia kweli, kaka Nurdin.