Mchuzi Haukuwa wa Babu

Jumanne ile, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Bibi aliamuru mito mitatu iwekwe nyuma ya mgongo wake, mlango wa chumba ufungwe na, kama inawezekana, redio ya jirani izimwe. Mjukuu wake aliandika saa hiyo juu ya ukurasa mpya wa daftari, maana ndivyo alivyoumbwa: kitu kisicho na saa wala kipimo kilimnyima usingizi. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea lishe, na nyumbani Bibi alimwita Vipimo.

Waliokuja kusikiliza walikuwa watatu. Kulikuwa na baba yake Vipimo, mtoto mkubwa wa Bibi na mwenye mgahawa wa familia. Kulikuwa na shangazi, muuguzi, ambaye asubuhi ile alipima mapigo ya moyo ya mama yake kisha akaenda kulia bafuni na bomba likiwa wazi. Na Vipimo mwenyewe, juu ya kigoda kando ya kitanda. Wote walidhani wameitiwa nyumba.

"Sikilizeni, wanangu," Bibi alisema, "na wewe muuguzi usiniambie nipumzike, nitapumzika vya kutosha. Nyumba hii ni yenu wawili, haiuzwi maadamu mmoja wenu anahitaji pa kulala, karatasi zimo kwenye sanduku la cherehani, na atakayegombania kabati alichukue, kabati na aibu yake. Nyumba nimeimaliza. Sasa tuzungumze la maana. Tuzungumze mchuzi."

Baba alimtupia shangazi jicho.

"Msitazamane, sijachanganyikiwa. Baba yenu alikuwa fundi karakana ya reli, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alikuwa akibeba kazini kopo la bati lenye mfuniko, ndani yake mchuzi wangu wa maharage na nyama, na wenzake walipouonja wakamuuliza nani kapika, akajibu, mimi mwenyewe, kwa mzaha tu, akarudi akanisimulia, tukacheka mpaka nikamwaga chai. Nilicheka, kwa kinywa changu hiki, na hapo ndipo nilipokosea. Wiki iliyofuata wakaja sita kula, wakaketi sebuleni, mimi niko jikoni na mimba yako wewe mkubwa, nasikia wanamwambia, bwana, wewe unajua kupika, naye akaja mlangoni akanikonyeza. Akaendelea kunikonyeza miaka arobaini na mmoja. Alipostaafu tukafungua mgahawa, nikawa naamka saa kumi na nusu kumenya vitunguu, yeye anaketi pale mbele na shati lililopigwa pasi, anawauliza watu, niwaongezee? Na alipokufa mkatundika picha yake juu ya dirisha la kugawia chakula, chini mkaandika Mchuzi wa Babu. Yeye nilishamsamehe, kwa sababu yeye alijua kwamba anadanganya. Ninyi mmeamini. Mmenyonya maziwa yangu, mmekula sufuria yangu kila siku ya Mungu, mmeniona moshi ukinitoa machozi, na bado mmeamini."

"Mama," baba alisema taratibu, "sisi tulidhani mlikuwa mnasaidiana."

"Alinisaidia kula."

Shangazi alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Vipimo hakucheka. Alijua zamu yake inakuja.

"Na wewe msomi wetu," Bibi alisema bila kugeuza kichwa. "Miaka miwili iliyopita ulikuja na daftari, ukamketisha babu yako kwenye kiti cha mikono, alasiri tatu mfululizo, unamuuliza mchuzi unapikwaje. Mimi nilikuwa hatua nane kutoka hapo nikiupika. Kila alipokosea nilipaza sauti. Mwambie baba yako, kila nilipopaza sauti uliandika nini."

Kurasa kumi na nne za majibu ya Babu, Vipimo alizinakili mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, akazifunika kwa plastiki, akazibandika kwenye ukuta wa jiko la mgahawa. Alikuwa ameona fahari.

"Niliandika, 'Bibi anakatiza,'" alisema.

"Kwenye mabano."

"Kwenye mabano, Bibi."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja. Kuhesabu unajua." Bibi alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilichukua muda kuliko ile iliyotangulia. "Shangazi yako alinisomea kurasa zote. Vitunguu vitatu, babu yako alisema, nikapaza sauti vitano, ukaandika vitatu, bibi anakatiza. Halafu ukaandika unga wa ngano, vijiko vitatu, wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Unga umetoka wapi? Babu yako aliniona nina unga mikononi, akasema unga. Ule ulikuwa wa mkate. Miaka miwili, tangu nilipotoka jikoni, mnawalisha watu gundi, kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kushika mwiko."

Vipimo aliweka kalamu chini.

"Iokote," Bibi alisema. "Sasa ndiyo uandike. Maharage yalale kwenye maji tangu jana yake, na maji hayo uyamwage. Uyachemshe na mifupa, bila chumvi, mpaka yabonyee kwa vidole viwili. Nyama uikaange peke yake, vipande vichache vichache, usiirundike, ukiirundika inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kisha vitunguu vitano."

"Vikubwa au vya wastani, Bibi?"

"Vya kukutoa machozi. Moto mdogo, mpaka vifikie rangi ya mlango huu, na hiyo ni nusu saa, si dakika kumi kama anavyofanya baba yako na simu sikioni. Nyanya zifuate, uzikaushe mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Rudisha nyama, tia maharage na maji yaliyochemshiwa. Sasa nisikilizeni hapa. Viazi viwili, viwili tu, umenye, uvitie wakati huo huo, vichemke mpaka vife kabisa, halafu uvisage kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria. Uzito wa mchuzi ni huo. Viazi vya kuliwa na karoti vinakuja baadaye, vikiwa vizima, kama wageni. Na chumvi..."

Shangazi alimsogezea maji kwa kijiko, yakaingia nusu, nusu yakatiririka shingoni.

"Chumvi mwisho," Bibi alisema, na sauti ilikuwa imeshuka hadi Vipimo akalazimika kuinama. "Epua. Funika. Uuache nusu saa, usiuguse, hata mtu aje na njaa ya namna gani. Haya. Sasa maagizo yangu, ni machache. Picha ya baba yenu msiitoe, alikuwa mume wangu, na lile shati nililipiga pasi mimi. Futeni maandishi. Msiniletee mchuzi nionje, kinywa changu hakina ladha tena. Ninachotaka ni kusikia. Na si kutoka kwenu. Ninyi mtasema kwa sababu nakufa. Nataka mtu wa nje... aliyekula... aniambie ulikuwa wangu. Nikisikia hilo nitakwenda. Nisiposikia nitakwenda pia, lakini nitakwenda nimekasirika, na mjue hivyo."

"Mama, usiseme..."

"Sogeeni." Alinyanyua mkono, ukafika nusu ya safari, baba akaudaka na kuuweka juu ya kichwa chake mwenyewe, mwenye mvi, kama mtoto. "Sufuria zenu zisikauke. Meza zenu zisikose... wa kumwongezea. Mpate watu wa kuwaambia ahsante... mkingali mnasikia. Nimewabariki. Wote. Hata wewe... wa mabano."

Akafumba macho. Shangazi alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akatikisa kichwa kuwaambia bado, amelala tu.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro robo, Vipimo alikuwa tayari jikoni mgahawani, maharage ameyaloweka tangu jana jioni. Zile kurasa za plastiki alizibandua ukutani kabla hata ya kuvaa aproni. Baba yake alimenya vitunguu bila simu, akilia, na hakuna aliyemuuliza kama ni vitunguu. Kwa kuwa mgahawani hupikwa sufuria nane kwa mpigo, Vipimo alizidisha kila kitu kwa nane, akahakiki mara mbili, kisha akaufungia mfuko wa unga kabatini. Saa tatu shangazi alipiga simu: Bibi yu macho, hataki uji, anauliza ni saa ngapi.

Saa nne na robo aliingia mteja wa kwanza, mstaafu wa karakana waliyemwita Spana, akaegesha fimbo yake dirishani kama kila siku. Vipimo alimpelekea bakuli, akasimama pale pale, mikono nyuma. Mzee alionja. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini.

"Bibi yako karudi jikoni?"

"Kwa nini unauliza, mzee?"

"Huu ni wake."

"Imeandikwa pale ni wa Babu."

"Aa, babu yako." Spana alicheka puani. "Babu yako hata maji ya chai yalimshinda. Bibi yako alipokwenda kujifungua shangazi yako, mwamba alikuja kazini na mkate mkavu wiki tatu nzima, ikabidi tumgawie chakula chetu. Karakana yote ilijua."

Baba alikuwa ametoka na sinia la vikombe. Alisimama katikati ya meza mbili, asiende mbele wala nyuma.

"Mlijua," Vipimo alisema. "Na mkaja kula hapa miaka yote, mkinyamaza."

"Nani aliniuliza, mjukuu wangu?" Spana alinyoosha mkono kuchukua kijiko.

Bakuli halikuwepo. Vipimo alikuwa amelivuta, akalifunika kwa sahani.

"Wewe binti, hiyo ni adabu gani?"

"Adabu nitaileta jioni, mzee wangu, nikiwa nimepiga magoti. Sasa nakuomba unyanyuke."

Alimpa fimbo yake, akamshika kiwiko, akamtoa nje, akamvusha barabara huku mzee akinung'unika kwamba atakula lini, akampitisha uani kwa Bibi, akaingia naye ndani. Hakumwachia hata mara moja, na mlango wa Bibi aliusukuma kwa mguu, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umebeba bakuli.

"Bibi," alisema, "amekuja mtu wa nje."