Bi. Harshida na Redio Zilizoacha Kupishana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja, Bi. Harshida Tulsidas, fundi mkuu wa kampuni yetu ya redio za upepo, zile za kuitana, hapa Gerezani jirani na Kariakoo, anastaafu. Niliombwa niandike kwa furaha. Nimejitahidi.

Alipoanza kazi, kila mteja wa Kariakoo alitaka masafa yake peke yake: walinzi wa maduka, wapakua mizigo, hata gari la wagonjwa la zahanati. Masafa hayakutosha, na aliyezidiwa aliongeza nguvu ya redio yake mpaka jirani akawa hasikii kitu. Bi. Harshida alipanda juu ya maghorofa akiwa na sari na raba, antena mkononi, akiwagombeza matajiri mmoja mmoja: "Jamani, redio siyo mnada!"

Yeye ndiye aliyetuletea redio zinazorukaruka. Sauti inakaa kwenye masafa haya kufumba na kufumbua, inahamia mengine, kwa mpangilio unaojulikana na kundi moja tu. Kila kundi alilipatia mpangilio wake, na wote wakatumia masafa yaleyale bila kusumbuana. Tuliringa sana miaka hiyo.

Machi mwaka huu alichukua likizo kumuuguza mumewe. Wateja wakanunua redio mpya, na mafundi wa mtaani wakafanya kama wanavyofanya kwenye simu: walichukua redio moja inayoshika vizuri, wakanakili mpangilio wake kwenye zote. Sasa zote zinaruka pamoja na kugongana kila zinapotua. Mwezi uliopita nesi Josepha wa zahanati aliita gari kwa ajili ya mjamzito, akajibiwa na ubishi wa wapakua mizigo juu ya marobota ya mitumba. Mama alinusurika. Mtoto hapana.

Bi. Harshida alizunguka duka kwa duka akiomba redio azipange upya. Kila mmoja alimkaribisha chai, akamwambia yake haina tatizo, aanze na ya jirani. Alirudi ofisini akalia mbele yetu. Nafasi yake haitajazwa. Nimekata tamaa, nisiwadanganye.

Bi. Harshida, asante kwa miaka yote uliyotufanya tusikilizane. Muuguze mzee, kula bhajia zako bila haraka, na Mungu akupe afya. Ukitaka kujua hali zetu, njoo mwenyewe. Kwenye redio hutatusikia.