Karatasi ya Ishirini na Tatu: Wasifu wa Dada Kesho

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, mtu ambaye hakuwa amepata habari aliacha kopo la losheni kwenye kizingiti cha chumba cha maswali. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyofungwa kwa raba: “Dada Kesho, hii ni salama kwa mtoto wa miezi minane? Nitapita jioni.” Jioni alipita. Kopo lilikuwa palepale. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja hakukuwa na wa kumjibu, na waliokuwa ndani wakipanga viti vya msiba waliogopa hata kuligusa.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Dada Kesho, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mchanganyaji kiwandani, na mama alikuwa mshonaji. Siku moja mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka tisa, alichukua donge la sabuni mbichi alilokuja nalo baba, sabuni iliyokatwa kabla magadi hayajaisha ukali, akamwosha nayo nywele mdogo wake wa kike aliyekuwa na miaka minne. Alitaka zing'ae kama za mwanasesere. Zilitoka kwa mafungu. Mama aliporudi alimkuta amejificha chini ya kitanda, ameshika nywele za mdogo wake mkononi, akijaribu kuzihesabu. Mdogo mtu huyo ndiye anayewasomea maneno haya, na juu ya sikio lake la kushoto pana sehemu ambayo nywele hazijawahi kurudi vizuri. Dada yake alikuwa akiiangalia sehemu hiyo kila walipokutana, kabla hata ya salamu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1984, na mwaka 1987 akahitimu kozi ya miaka miwili ya msaidizi wa mfamasia. Mwalimu wake wa kemia aliandika kwenye ripoti: “Anauliza mno ‘umejuaje’.” Baba aliisoma kama lawama. Mama aliikata na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Alifanya kazi kwenye kaunta ya duka la dawa kwa miaka kumi na sita. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi mizani, aliyeitwa mwaka 1990 kukagua mizani ya duka.

“Mizani yako inadanganya, dada,” alisema fundi.

“Inadanganya kiasi gani?”

“Kidogo tu.”

“Kidogo ni kiasi gani? Umejuaje?”

Fundi akakuna kichwa, akasema atarudi kesho na mawe ya kupimia. Akarudi kesho yake, saa ileile. Marehemu alipenda kusema kwamba huyo ndiye mwanamume wa kwanza kumwambia kesho na kesho ikafika. Walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1992, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2003 aliacha kaunta. Alikuwa amechoka kuona wasichana wakinunua krimu za kujichubua kwa kunong'ona, wakirudi mwezi mmoja baadaye wamefunika uso. Rafiki yake wa tangu utotoni, msusi, alimpa chumba cha nyuma cha saluni: benchi moja, dirisha moja, meza yenye droo isiyofunga. Hapo ndipo palipoitwa chumba cha maswali. Walikuja wale wasiojua waanzie wapi: vijana wa chunusi, kina mama waliojifungua na kuona nywele zinabaki kwenye kitana, binti anayetaka kuweka dawa ya nywele kwa mara ya kwanza. Hakuuza kitu. Aliyekuja na kopo jipya aliambiwa apake kidogo nyuma ya sikio, aende nyumbani, arudi kesho. Jina lake likatoka hapo.

Kila mtu aliondoka na karatasi. Juu yake marehemu aliandika neno moja kati ya matatu: Tunajua, Tunadhani, au Hatujui. Kwamba nywele zinazodondoka miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe: Tunajua. Kwamba dawa ya nywele haiwekwi kwenye kichwa chenye kidonda wala kilichokunwa muda si mrefu: Tunajua. Kwamba mafuta fulani ya majani huotesha nywele: Tunadhani, na ushahidi ni mdogo. Kwa mengi sana aliandika Hatujui, na watu wakanuna.

“Wateja wangu unawafukuza, wewe mama,” msusi alimlalamikia. “Mtu anakuja kuweka dawa, anatoka na karatasi!”

“Anatoka na ngozi ya kichwa pia.”

“Na mimi je, nitakula ngozi yake?”

Wakacheka mpaka wateja wakageuka kwenye viti. Yalikuwa maisha mazuri, kwa kadiri mtu mwoga anavyoweza kuwa na maisha mazuri. Maana Dada Kesho alikuwa mwoga, na hakulificha hilo. Alisema anayewaambia wengine wapake nini usoni, asipoogopa, atafutiwe kazi nyingine.

Familia ilijadiliana kama sehemu inayofuata isomwe. Kaka mkubwa aliuliza kama ni lazima kutaja kosa la marehemu mbele ya kaburi lake. Ni lazima. Aliagiza mwenyewe.

Mwezi Februari 2018 mchuuzi wa vipodozi alimletea krimu ya uso kwenye kopo jeupe lenye kifuniko cha kijani, lisilo na orodha ya vilivyomo. Mchuuzi alikuwa na karatasi yenye mhuri wa maabara. Marehemu alipaka nyuma ya sikio, akangoja siku moja. Hakuna kipele, hakuna mwasho. Akapaka uso mzima, na uso ukatakata kweli. Wengi hapa mnaukumbuka ulivyokuwa mwaka ule. Akaendelea kuitumia miezi minane. Tangu Aprili hadi Oktoba aliandika karatasi ishirini na tatu za krimu hiyo, na juu ya kila moja akaandika Tunajua. Ya kwanza alimpa mdogo wake.

Kisha mpimaji wa maji wa mjini, kijana aliyewahi kuja kwenye benchi kwa ajili ya mba, akajitolea kuipima. Alipiga simu tarehe 19 Novemba.

“Dada, hilo kopo liko wapi?”

“Hapa mezani, liko wazi.”

“Lifunike kwanza. Halafu fungua dirisha.”

Ilikuwa na zebaki. Kipimo chake cha nyuma ya sikio kilikuwa cha kugundua mwasho, na sumu hii haiwashi. Inaingia taratibu, inakaa kwenye figo na mishipa ya fahamu, na hutoka kwenye kopo na kwenye ngozi ikawafikia hata wasiopaka, hasa mtoto anayelala kifuani kwa mama yake. “Nilipima kwa siku moja kitu kinachohitaji mwaka,” alisema marehemu, akakaa kwenye benchi upande wa wateja.

Kesho yake alianza kugonga milango, mkononi ana daftari lenye orodha ya aliowapa karatasi hizo. Mdogo wake alifuatana naye. Mlango wa tano, mama mmoja alimcheka.

“Dada Kesho na wewe! Uso umetakata hivi, halafu unaniambia nitupe?”

“Usitupe, shoga. Nipe mimi.”

“Na utanipa nini badala yake?”

“Kofia ya kukinga uso na jua.”

Mama yule alicheka tena, kisha akamtazama vizuri usoni, akaacha. Akaenda kulileta kopo.

Kufikia Machi 2019 alikuwa amewapata ishirini na wawili. Wote aliwapeleka hospitali wakapimwe mkojo, mdogo wake akiwa wa kwanza. Mstari wa ishirini na tatu kwenye daftari hauna jina. Umeandikwa: “6 Oktoba. Mama, gauni la bluu, mtoto wa kike mgongoni, kama mwaka mmoja. Ana haraka.” Siku hiyo saluni ilijaa, naye hakuuliza anakaa wapi.

Alimtafuta kwa miaka mitano. Alibandika matangazo zahanati, alisimama nje ya kliniki ya watoto, alitazama usoni kila mwanamke mwenye gauni la bluu. Siku moja sokoni alimfuata mama mmoja mpaka kwenye mabanda ya viatu, mama akageuka na kupiga kelele kwamba anataka kumwibia mtoto. Watu wakajaa. Fundi mizani alimkuta katikati yao, kanga imeanguka, anarudia: “Nataka tu kumwona kucha, nataka tu kumwona mikono kama inatetemeka.” Tangu siku hiyo hakwenda sokoni peke yake. Lakini alikwenda.

Mwezi Mei 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Figo zilikuwa zimechoka, na kuanzia Januari 2023 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hata huko alikuwa akiwaandikia wauguzi karatasi. Mwezi uliopita alimwita mdogo wake karibu na kitanda.

“Usiwaambie watu kwamba ni krimu iliyoniua.”

“Kwani siyo, Da?”

“Daktari hajui, na mimi sijui. Mtu mmoja siyo ushahidi. Andika Hatujui.”

“Hata kwenye wasifu wako?”

“Hasa kwenye wasifu. Chapisheni nakala nyingi. Hii ndiyo karatasi ambayo watu hawaitupi.”

Akanyoosha mkono, akagusa ile sehemu juu ya sikio la kushoto. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Kwa hiyo nakala mia sita zimechapishwa, na kila aliyeshika moja ameshika agizo. Kama ni wewe, mama wa tarehe 6 Oktoba, au ni jirani yako, au dada yako: acha kuipaka krimu ile leo. Funga kopo, litie ndani ya mifuko miwili ya plastiki, usilichome moto, usilimwage. Nenda hospitali pamoja na mtoto, taja neno zebaki, mpimwe mkojo. Mtoto huyo sasa ana kama miaka saba. Hakuna atakayekugombeza. Aliyeandika karatasi ile alitaka kukuomba radhi kwa mdomo wake, akakosa muda.

Marehemu ameacha mume, yule fundi mizani; binti, ambaye ni mwalimu; mtoto wa kiume, ambaye ni dereva; wajukuu watatu, kaka mkubwa, mdogo wake, rafiki yake msusi, na daftari moja lenye mstari mmoja usio na jina, ambalo sasa liko kwa mdogo wake. Losheni ya Jumatano imepelekwa kwa mpimaji wa maji. Mwenye mtoto wa miezi minane anaombwa asubiri majibu.

Apumzike sasa, uoga wake tumeupokea.

Tunajua: yuko safu ya nne, kaburi la tatu kutoka langoni, upande wa ukuta.