Usingizi Katikati ya Mapazia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fundi Pazia. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Alikuwa mama wa binti mmoja. Na alikuwa bado kijana, akiishi na saratani ya titi iliyokwisha kusambaa mwilini.

Iliyosambaa, wasikilizaji. Ile ambayo dawa huizuia tu, haiiondoi. Watu walimuuliza, "Matibabu utamaliza lini?" Naye akajibu, "Nikimaliza mimi." Kisha akacheka peke yake, maana wenzake wameshaduwaa.

Siku moja aliwaita wanawake vijana wa kliniki, wagonjwa kama yeye, waje kwenye chumba chake cha kushonea. Akapanga viti. Akamleta mshauri awape moyo. Mshauri hajafika mbali, mmoja akasinzia. Wa pili akamwegemea. Punde chumba kizima kinakoroma. Mshauri akapandisha sauti.

"Dada, taratibu," Fundi akamnong'oneza. "Utawaamsha."

Hapo ndipo alipoelewa. Nyumbani hawalali. Mtoto analia, maumivu yanachoma, wageni hawaishi, na kila mgeni ana mizizi yake ya kuchemsha. Tena mgonjwa ndiye anayewabembeleza wageni wasilie!

Basi viti vikatoka, magodoro yakaingia. Watoto walibaki kibarazani na shangazi yake Fundi. Ndani, mapazia yalining'inia kutoka darini, mwanga ukapita humo ukiwa wa samawati, kama maji. Cherehani ikinguruma polepole. Wanawake wakilala, pazia likipumua juu yao. Hakuna aliyeulizwa anaendeleaje.

Mmoja wao, mwalimu wa chekechea, anasema, "Niliota nina nywele ndefu, zinanifuata nyuma kama mto. Nilipoamka nikamwambia Fundi nilichokuwa nawaficha madaktari: mgongo unaniua. Kesho yake akanipeleka nikapewa dawa ya maumivu."

Mama mzazi wa Fundi hakufurahia.

"Mwanangu, nguvu zenyewe ni za kuokoteza, nawe unazigawa?"

"Mama, nikilala nyumbani unanichungulia kama napumua. Kule tunalala tu." Kisha akasema, "Nikiondoka, chumba kisifungwe."

"Hayo maneno usiniletee!"

Ombi likabaki hewani. Fundi Pazia akafariki mama hajalijibu.

Baada ya maziko, mama alikwenda kukifunga chumba. Tumsikilize mwenyewe.

"Nilikuwa na kufuli mkononi. Nikawakuta wale wanawake wa kliniki mlangoni, kandambili wameshavua. Nikasema, haya, ingieni, mnangoja kuimbiwa? Mimi kushona sijui. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga tu, bila uzi. Wakalala. Nami, kwa mara ya kwanza tangu mwanangu azikwe, nikalala palepale nilipokaa."

Chumba kiko wazi, wasikilizaji. Fundi Pazia hayupo, chumba kiko wazi.

Kwako mama, kwa binti wa Fundi na kwa shangazi, poleni sana. Mzigo huu hatuwezi kuwatua, ila tunaweza kuushika upande mmoja.

Nasi tujiulize. Tumewaambia wangapi "usikate tamaa", kisha tukaenda zetu tukijiona tumesaidia? Jirani yako kijana akiugua hivi, hotuba iache kwako. Mchukue mtoto wake mchana huu. Chukua na nguo chafu. Ukitoka, rudishia mlango polepole.