Nilimdhania Jirani, Kumbe Nilijisajili Uswisi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa kanisani Kilindoni, na asifiwe kisiwa chote cha Mafia mpaka Bweni kwenye mnara wa taa!

Mimi ni Mama Upendo wa Utende, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne, pale karibu na geti la hifadhi ya bahari. Leo nimesimama kutubu na kushangilia!

Mwaka mzima nyumba yangu ilikaa tupu. Kwa jirani yangu, Bi Mwanaidi, wageni wanashuka na mabegi kutoka Dar na Morogoro, wamekuja kuona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Mimi nafua mashuka ambayo hayajalaliwa! Moyo ukaingia giza. Nikasema, huyu mama amenifunga kichawi! Nikamnyima salamu. Akiniletea mkate wa kumimina, nawapa kuku. Mimi, mwanakwaya!

Siku moja nyumba yake ikajaa. Akanigongea: "Mama Upendo, binti huyu hana pa kulala. Mpokee."

Nikampokea kwa kununa. Binti yule, Rehema, kazi yake ni kutengeneza tovuti. Akaniuliza, "Mama, mbona nilipotafuta malazi hapa ghuba ya Chole sikukuona mtandaoni?"

"Nipo!" nikamjibu. "Mwisho wa jina la tovuti yangu nimeweka ch. Ch ya Chole!"

Akashika kichwa. "Mama yangu, ch ni ya Uswisi! Mtu akitafuta malazi akiwa Dar, mtandao unaona wewe ni wa Waswisi, unakuweka nyuma."

Ndugu zangu, hapo ndipo nikakumbuka! Barua pepe pekee niliyopata mwaka ule ilikuwa ya Kijerumani. Niliifuta, nikidhani ni matapeli!

Rehema akanisajilia jina lenye mwisho wa co.tz, la kwetu Tanzania, na la zamani akalielekeza huko. Akanionya, "Hiyo tz si hirizi, mama. Inasema tu uko nchi gani. Ili upande juu, andika vizuri habari za vyumba vyako." Nikaandika, kwa Kiswahili, na picha nikaweka. Wiki zikapita kimya. Nikaomba. Kisha simu ikalia: familia ya Morogoro, vyumba vitatu! Haleluya!

Lakini siku Bwana aliponifungua kweli, simu ilikuwa bado haijalia. Nilivuka ua, nikapiga magoti. "Shikamoo, Bi Mwanaidi. Nilikudhania mchawi. Nisamehe."

Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Marahaba, mwanangu. Mie nilidhani unaumwa tumbo!"

Asante, Yesu! Ndugu yangu, biashara ikilala, usitafute mchawi. Mtumaini Mungu, kisha muulize anayejua. Na ukitoka hapa, mpitie jirani yako kabla hujafika kwako.