Tangazo Lisilo na Salamu

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa karakana ya Mzee Bwanausi, fundi milango, upande wa mji wa zamani wa Bagamoyo. Benchi lenyewe ni fremu ya mlango ambayo mteja hakurudi kuichukua, imelazwa juu ya matofali. Kahawa anapika Bwanausi mwenyewe. Asubuhi ile tulikuwa naye mimi, Maulidi tunayemwita Redio, Muataz tunayemwita Balozi kwa sababu aliwahi kutembeza watalii, na Twalha. Twalha alikuwa na mtihani wa Kijerumani Jumatano, ngazi ya kwanza kabisa, mara ya pili. Mkewe Hanadi ni muuguzi huko Ujerumani, na mtoto wao Yasmini, wa miaka mitatu, amezaliwa hukohuko. Twalha amemshika mara moja tu, Hanadi alipokuja likizo. Bila cheti hapati viza. Kusoma anaweza, kuandika anaweza. Kilichomwangusha ni kusikiliza.

— Tatizo lako unajifunza ukiwa macho, alisema Redio. Lugha inaingia usingizini. Weka redio ya Wajerumani chini ya mto, ulale.

— Nimefanya wiki nzima. Nimeambulia kuumwa shingo.

— Kwa sababu hukuzima feni. Feni inakula maneno.

— Achana na huyo, alisema Balozi. Mimi nimetembea na Wajerumani mpaka Mbegani. Wale wanaongea kwa koo. Kunywa maji moto, koo lilegee, sikio litafuata.

— Balozi, mimi napimwa kusikia, sipimwi kusema.

— Koo na sikio ni chumba na sebule. Ukifungua dirisha huku, upepo unapita kule.

Redio aliona anaachwa nyuma.

— Basi aende kwenye lile jengo la Wajerumani wa enzi za ukoloni. Ule ukuta umesikia Kijerumani kuliko walimu wote wa Dar. Abandike sikio alfajiri, kabla ya pikipiki kuanza.

Nilimwambia plasta ya ukuta ule si ya Wajerumani.

— Plasta ni nguo tu, mwili ni uleule. Halafu mimi mwenyewe Kijerumani kiko kwenye damu. Baba wa babu yangu alikuwa anasikilizana nao vizuri sana.

Hilo sikuweza kuliacha. Ukoo wangu na wa Redio unakutana kwa mzee huyo. Aliitwa Mgeni, alilima muhogo Fukayosi, na kwetu inasimuliwa bila kuficha kwamba watu wa kodi wa Mjerumani walipofika alikimbilia porini na mtungi wa maji, asirudi mpaka wameondoka.

— Alikisikia kwa mbali, nilisema.

— Sasa huko si kusikiliza? Mtihani si wa kusikiliza?

Bwanausi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

— Mpeni mtihani basi, tumwone.

Redio alijitolea kuwa mtangazaji wa stesheni. Alisimama, akakohoa.

— Asalaam aleikum, abiria wetu.

— Waaleikum salaam, alijibu Twalha.

— Mmeamkaje?

— Alhamdulillahi.

— Watoto hawajambo?

— Hawajambo.

— Na sisi huku tunamshukuru Mungu. Sasa, treni ya kwenda Bremen, njia namba tano.

— Namba tano! Nimeipata!

— Mmeona? Huyu mtu yuko tayari.

Balozi alitoa simu, akafungua zoezi lenyewe, la Kijerumani. Kengele ililia, mwanamke akasema maneno machache, kukawa kimya. Twalha alikuwa bado ameinamisha kichwa, akiitikia taratibu kwa heshima.

— Haya, njia namba ngapi?

— Si ndiyo kwanza anaanza?

— Ameshamaliza, kaka. Treni imeondoka.

— Mbona hakusalimu?

— Anatangaza, hajakutembelea.

— Mtu hajaniamkia, nitajuaje kwamba anasema na mimi?

Hapo hakuna aliyecheka, maana sote tungekosa. Kwetu salamu ndiyo nafasi ya kumzoea mtu na sauti yake. Jambo lenyewe huja baadaye. Balozi alisema tangazo la stesheni kwenye mtihani husikika mara moja tu.

— Hata ukiomba? aliuliza Bwanausi.

— Umwombe nani, mzee? Ni mashine.

Wakati huo Bi Biubwa, mama yake Hanadi, alitokea upande wa sokoni na simu mkononi. Twalha alisimama, macho chini, kama inavyompasa mbele ya mkwewe.

— Shikamoo mama.

— Marahaba baba. Umeamkaje?

— Salama. Wazima nyumbani?

— Wazima, tunashukuru. Na wenzio?

Tulimwamkia wote. Alimwuliza Bwanausi habari za mgongo, akamwuliza Redio habari za mkewe, akaniuliza mimi habari za shangazi. Kahawa aliikataa.

— Baba, nimesikia mnasoma Kijerumani hapa. Mjukuu wangu kanitumia sauti tangu jana, na mama yake yuko zamu, hapokei. Mimi nimeambulia “Papa” tu.

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya mtoto, ya haraka, iliyokwisha kabla hatujajiweka sawa.

— Ana njaa huyo, alisema Redio.

— Ni wimbo wa shule, alisema Balozi.

Twalha hakuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo halifanyi.

— Rudia, mama.

Akarudia.

— Anasemaje?

— Anauliza baba anakuja lini.

Balozi alimpiga Twalha begani. Redio alianza kupiga makofi, akisema si aliwaambia, huyu amefaulu. Bi Biubwa hakuwasikiliza. Aliisogeza simu mdomoni.

— Haya, baba. Nimwambie lini?

Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza. Simu ilirekodi pikipiki iliyopita, kuku wa jirani, na sisi tukiwa kimya.