Jina Nililolimeza Hurlingham

Kavata, Mulwa, sogeeni karibu, na wewe Mulwa zima hiyo simu, anayekufa hapa ni baba yako. Hiyo karatasi ya kampuni ya dawa, inayosema kwamba mafuta yao ya vidonda yalitokana na gome nililowaonyesha mimi Nzioka, na kwamba faida sasa itagawiwa kwangu na kwa warithi wangu, msiitie sahihi kabla sijamaliza. Mnasikia huko mlangoni? Kisu kinakwangua gome. Kavata ananiambia ni jirani anaparua samaki, eti samaki kila siku!

Mnajua nilikuwa mtunza bustani huku jijini, mtaa wa Muthangari, kwa yule daktari mtafiti, na kwamba alipojikata mguu kwa panga nilimfunga kwa gome hilo akapona, naye akawapelekea kampuni habari zake. Hiyo ni kweli. Lakini nilifundishwa na dada yangu Kasiva, naye alifundishwa na wanawake wa kwetu Kitui, wanaochuna gome upande mmoja tu ili mti usife. Na sheria yao ni hii: kabla ya kumpaka mgonjwa, unataja kwa sauti jina la aliyekufundisha. Nililitaja miaka yote. Siku niliyoitwa ofisini kwao, mtaa wa Hurlingham, msichana wa kampuni aliniuliza kwa upole, tena mara mbili, ni nani mwingine anayeijua dawa hii. Nikasema hakuna. Hakuna aliyenilazimisha, wanangu. Kasiva aliwahi kuniambia matangani, mbele ya watu, kwamba mikono yangu ni ya kuchuna mti mzima, na kinyongo hicho nilikilea hadi siku ile nikaona, haya basi, leo ni leo.

Kasiva akasikia kwamba nimemkana. Akapanda basi, akaja na kifurushi cha gome mpaka kwenye geti la daktari. Askari wa geti, Ndambuki, akaniita: "Mzee, kuna mama hapa anasema wewe ni ndugu yake."

Nikamwambia, "Simjui. Usimfungulie."

Dada yangu wa tumbo moja! Alikaa nje ya geti tangu asubuhi hadi saa kumi, akikwangua gome lake bila kumtukana mtu, nami ndani ya ua namwagilia maua, namsikia. Mwaka uliofuata tulimzika, nikabeba jeneza kama wengine. Tangu hapo kisu hicho hakijaniacha, hata hapa ghorofa ya tano, ambapo mgeni hapiti mpaka aandikwe kitabuni.

Sasa sikilizeni. Yule mama anayeuza soksi nje ya benki, katikati ya jiji, ni Lornah, binti wa Kasiva. Mulwa, hizo ulizovaa ulinunua kwake, ukabishana naye bei hadi akacheka. Yeye anajua wewe ni nani. Hajawahi kukuambia. Nendeni kwake Jumatatu, mumwamkie kama dada yenu mkubwa, mumwombe awapeleke Kitui kwa wale wanawake, na wao ndio waseme faida igawiwe vipi, kama nyinyi mna fungu au hamna. Kisha mrudi kwa kampuni mkawaambie Nzioka alidanganya. Mtaaibika, najua. Kavata, najua ulishachagua ploti ya kujenga. Nisamehe, mama.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mzikeni baba yenu kando ya Kasiva, lakini miguuni pake, nisilale sawa naye. Mungu awalinde, awape watoto wasiowaonea haya ndugu zao, na chochote mtakachoshika kwa mikono hiyo kiwe dawa. Nimewapa baraka, na aliyenifundisha ni... aliyenifundisha ni Kasiva. Kasiva. Mmesikia nimemtaja?

Kavata, kisu kimenyamaza. Amesimama. Nenda mlangoni, mwanangu, usimwache nje tena... mwambie askari amfungulie... mwambie namjua, ni dada yangu.